Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale Zanzibar: Beit al-Ajaib ni la nani?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Tangu mnara na upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe, uporomoke Disemba 25, 2020, mafundi wakiwa kazini na wawili wakapoteza maisha, barazani linaulizwa moja tu: litasimama lini? Mimi nina jengine. Likishasimama, litakuwa la nani?

Utanijibu ni la Serikali, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini jumba hili limeshabadilisha wenyewe mara nyingi. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alilijenga 1883, pahala ambapo wazee husimulia palikuwa na kasri ya Mwana Fatuma, aliyetawala Unguja karne ya 17. Akalitia taa za umeme, watu wakabaki midomo wazi. Agosti 27, 1896 mizinga ya Waingereza ikaisambaratisha kasri ya jirani kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Ajaib likasalimika, ila mnara wa taa uliokuwa mbele yake haukupona, na mnara wa saa tuliouzoea ukaja kujengwa baadaye kwenye jumba lenyewe. Mwaka 1911 Waingereza wakaligeuza afisi zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chama cha Afro-Shirazi kikasomesha itikadi humo humo.

Basi hushangai kuwa mmoja analiita la Waarabu, mwengine la Mapinduzi. Oman, walikotoka masultani wetu, ilipojitolea kugharamia matengenezo, ubishi ukapamba moto: wako wanaoshukuru, na wako wanaonong'ona kuwa mwenyewe karudi. Mimi sigombani na pesa za Oman. Jumba lilikuwa linakufa mbele ya macho yetu, roshani yake ilianza kuanguka 2012, na mfukoni mwetu hakukuwa na cha maana. Lakini anayelipa, anayejenga na atakayekabidhiwa funguo tuwajue wote, kwa maandishi na kwa Kiswahili.

Khofu yetu ina sababu. Mambo Msiige, jumba jengine la kale pale Shangani, leo ni hoteli ya kifahari. Mtoto wa skuli ya Kikwajuni hana shughuli ya kuingia.

Na Beit al-Ajaib lilikuwa likimkaribisha. Lilipokuwa makumbusho, ulikuwa ukiingia unakutana na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja. Humo humo likawekwa gari la Mzee Karume. Nyumba ya Sultani imelihifadhi gari la Rais wa Mapinduzi, na sikumbuki kusikia mtu akilalamika! Huo mtepe sasa uko wapi, na uko katika hali gani?

Naomba, Mheshimiwa, usimame Baraza la Wawakilishi utamke kuwa jumba litabaki makumbusho ya umma, wala halitakodishwa ghorofa hata moja. Na ripoti ya chanzo cha kuporomoka, waipate kwanza familia za wale mafundi wawili, kisha sisi wengine.

Wasalaam,
Mkaazi wa Mji Mkongwe