Filamu za Bulgaria: tazameni vichwa kabla ya kutafsiri

Mhariri,

Vijana wanaotia maandishi ya Kiswahili kwenye filamu za Bulgaria wanastahili pongezi, lakini wengi hufungua faili la Kiingereza wakatafsiri mstari kwa mstari, picha yenyewe wasiitazame. Hapo ndipo kazi huharibika, na huharibikia kichwani.

Mbulgaria akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia. Akikataa hukiinua juu mara moja, pengine na mlio mmoja mfupi wa ulimi. Mhusika akijibu kwa kichwa tu, faili la Kiingereza huwa halina kitu, basi mtazamaji wa Kondele hapa Kisumu anaona mama amekataa, kumbe amekubali. Ule mlio nao, kwetu ni msonyo. Kule ni hapana ya kawaida. Popote kichwa kinapojibu peke yake, andikeni "Ndiyo" au "Hapana", neno likae sekunde moja na nusu hivi. Mkiwa na shaka, msikilizeni mhusika huyo anapotamka: "da" ni ndiyo, "ne" ni hapana.

La pili ni jina. Filamu ya Kristina Grozeva na Petar Valchanov ya mwaka 2016 inaitwa Slava. Tsanko, mfanyakazi wa njia ya reli (kazi ambayo Kisumu inaijua tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901), anaokota pesa relini na kuita polisi. Wizara inamtunuku saa mpya, na afisa wa mawasiliano anamvua ile kuukuu aliyopewa na baba yake, kisha anaipoteza. Saa hiyo ni ya Kirusi, aina ya Slava, na neno hilo hilo maana yake ni utukufu. Mkiiita filamu "Utukufu", saa imepotea mara ya pili. Liacheni jina lilivyo, na maana yake muiandike juu ya skrini saa inapotajwa mara ya kwanza.

Tsanko ana kigugumizi. Ukiweka sentensi yake nzima mara moja, ukumbi humaliza kuisoma kabla yeye hajamaliza kuisema, na watu huanza kumchoka kama maafisa wa wizara wanavyomchoka. Igaweni: nusu ya kwanza anapoanza, nusu ya pili anapoifikia. Herufi za kurudiarudia hazina haja, sauti yake inatosha.

Kwa neno "wewe", Kibulgaria kina "ti" kwa wa rika lako na "vie" kwa mkubwa au mgeni. Kiingereza huzimeza zote mbili. Katika Masomo ya Blaga ya Stephan Komandarev, iliyoshinda tuzo kuu ya Karlovy Vary mwaka 2023, mwalimu mstaafu anatapeliwa kwa simu pesa za kaburi la mumewe. Hadithi hiyo haihitaji kuelezwa sana kwa mwenye laini ya simu Kenya. Anayemwambia Blaga "vie" aandikiwe "Mwalimu" au "mama", si "wewe" mkavu.

Kuhusu mitambo, mawili tu. Herufi za Kibulgaria zikitokea kama vikorokoro, faili lilihifadhiwa kwa Windows-1251, mpangilio wa zamani wa herufi. Lifungueni kwa mpangilio huo, kisha mlihifadhi kwa UTF-8, mpangilio wa siku hizi. Na maandishi yakianza sawa halafu yakazidi kutangulia maneno, msiyasukume mstari mmoja mmoja. Yalitengenezewa nakala ya runinga ya fremu (picha) 25 kwa sekunde, ilhali filamu yenu ina 24. Tofauti hiyo ni sekunde 2.4 kila dakika; filamu ya dakika 100 ikiisha, maandishi yatakuwa yamekwisha dakika nne kabla yake. Badilisheni kasi ya fremu kwa faili zima.

Jambo la mwisho halimo kwenye faili lolote. Kwa Kibulgaria, "hakuna" husemwa "nyama". "Nyama vreme" ni hakuna wakati, "nyama pari" ni hakuna pesa, na neno hilo hujirudia kila baada ya dakika chache. Ukumbi wa Kisumu utacheka mjane akisema hana kitu. Anayefungua onyesho alitaje mapema, watu wacheke kabla taa hazijazimwa.

Mtafsiri wa filamu,
Kisumu