Barua ya wazi kwa vijana wa Kagera wanaoambiwa kwamba VVU havipo

Wanangu na wajukuu zangu wa Kagera, mlioko nyumbani na mliotawanyika Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, nawasalimu nyote.

Nimelazimika kuwaandikia kwa sababu ya maneno ambayo nilidhani tulikwisha kuyazika, na sasa nayasikia yakisemwa tena, tena na vijana waliosoma: kwamba VVU havijawahi kuonekana na mtu yeyote, kwamba UKIMWI ni njaa na umaskini uliopewa jina jipya, kwamba kinachoua ni dawa zenyewe, na kwamba yote yalipangwa na wakubwa wa dunia ili watupunguze na kutuuzia vidonge. Nilikuwa muuguzi katika mkoa huu kabla ugonjwa wenyewe haujajulikana kwa jina la kitabibu, kwa hiyo siwezi kuyasikia maneno hayo nikanyamaza.

Sitawaambia kwamba kuwashuku wakubwa ni ujinga. Kule Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanaume weusi wapatao 400 waliokuwa na kaswende walifuatiliwa na idara ya afya ya serikali yao kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana, ili madaktari waone ugonjwa unavyomla mtu. Dawa za VVU nazo, mwaka 2000, ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na kampuni 39 za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyolenga kuleta dawa za bei nafuu, hadi zilipoiondoa kesi hiyo Aprili 2001 baada ya dunia kuzipigia kelele. Hayo yalitokea, na anayewaambia msiyakumbuke hawatakii mema. Ila angalieni yalivyofichuliwa: yalifichuliwa kwa nyaraka, kwa majina, kwa kesi mahakamani na kwa watu waliokubali kuhojiwa. Tuhuma ya kweli huwa inazidi kupata ushahidi kadiri inavyochunguzwa. Hizi mnazoletewa zimechunguzwa kwa miaka 40 na bado zinategemea neno la "wanatuficha".

Tena yafaa mjue kwamba shaka yetu hiyo imewahi kutumiwa na watu wasiotujali. Julai 1983 gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba ugonjwa huu ulitengenezwa na jeshi la Marekani katika maabara. Miaka miwili baadaye gazeti moja la Moscow liliirudia hadithi hiyo, na baada ya hapo ikaenea Afrika nzima. Mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri kwamba idara iliyoitangulia yake, KGB ya Kisovieti, ndiyo iliyokuwa nyuma ya kampeni hiyo. Na damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, enzi ikiitwa Léopoldville, ilipopimwa miaka mingi baadaye ilikutwa na VVU, ilhali mwaka huo hapakuwa na maabara yoyote duniani yenye ujuzi wa kuunda kirusi. Kilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, kikaingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne iliyopita. Na kuonekana kimeonekana: mwaka 1983 Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walikitenga na kukipiga picha kwa hadubini ya elektroni.

Lakini nyinyi ni watu wa Kagera, na kwenu ushahidi uko karibu zaidi kuliko Paris.

Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa hapa kwetu mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa wakati huo na kuuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Rakai nchini Uganda, waliuita Silimu, na wapo walioamini kwamba ni uchawi wa Watanzania waliodhulumiwa katika biashara. Wodini tulikuwa tunampokea mwanamume wa miaka 30, utandu mweupe umejaa mdomoni hata kumeza uji hawezi, mkanda wa jeshi umemzunguka ubavu, kuhara hakukomi, na mkewe ameketi pembeni akimfuta jasho, huku na yeye nguo zimeanza kumpwaya. Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima katika mji wa Bukoba wakakuta takriban asilimia 24 wana virusi. Makaburi yaliongezeka katikati ya migomba, na viko vibanja ambavyo hadi leo vinalimwa na wajukuu kwa sababu kizazi cha katikati hakipo.

Sasa pimeni madai yenu kwa hayo. Kama ni njaa na umaskini, njaa huanza na nani? Huanza na watoto na vikongwe. Huu ugonjwa uliwaacha wazee wakilea, ukawaacha watoto wa shule wakiwa wazima, ukawachukua watu wa miaka 20 hadi 45, wengi wao wakiwa na nguvu na fedha, wafanyabiashara, madereva, watumishi wenye mishahara, pamoja na wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi. Na kama dawa ndizo zinazoua, basi niambieni ni dawa gani zilizowaua watu wetu kuanzia mwaka 1983. Hazikuwapo. Serikali yetu ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Miaka ishirini na zaidi tuliwazika watu ambao hawakuwahi kuona hata kidonge kimoja cha ARV.

Iko nchi moja ambayo iliamua kuyajaribu maneno hayo kwa vitendo. Profesa Peter Duesberg wa California, mtaalamu wa virusi mwenye sifa zake, alianza kuandika mwaka 1987 kwamba VVU havisababishi UKIMWI. Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, msomi na mpigania uhuru ambaye wengi wetu tulimheshimu, aliyasoma maandishi ya kundi hilo, na mwaka 2000 akawaingiza baadhi yao katika jopo la kumshauri. Wanasayansi zaidi ya 5,000 wakatia saini Tamko la Durban kueleza kwamba ushahidi umekamilika. Halikusaidia. Waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, akawa anasifu vitunguu saumu, malimau na viazisukari vyekundu huku akitilia shaka dawa.

Jambo linaloniuma zaidi ni la nevirapini, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama yake. Utafiti uliofanyika Kampala, jirani zetu kabisa, ulionyesha mwaka 1999 kwamba dozi moja kwa mama anapoanza uchungu na dozi moja kwa mtoto ndani ya siku tatu hupunguza maambukizi karibu kwa nusu. Mtengenezaji akajitolea kuitoa bure kwa miaka mitano. Serikali ya Afrika Kusini ikaibana katika vituo vichache vya majaribio, hadi wananchi walipoishtaki, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru itolewe kwa kina mama wote wanaoihitaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipolinganisha nchi hiyo na Botswana na Namibia, walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000, na kwamba watoto wapatao 35,000 walizaliwa na virusi ambavyo wangeweza kukingwa navyo. Waliokuwa wakibishana katika jopo walirudi makwao salama.

Kwetu, dawa zilipofika, niliona kwa macho yangu jambo ambalo sikutarajia kuliona kabla ya kustaafu. Watu waliokuwa wakiletwa kwa machela, uzito wao umeshuka hadi kilo 30 na kitu, walikuwa wakirudi kliniki baada ya miezi michache kwa miguu yao wenyewe, mashavu yamejaa, wakilalamika foleni ni ndefu na wana migomba ya kupogoa. Sumu gani hunenepesha mtu na kumrudisha shambani?

Mnapenda kuuliza nani ananufaika. Ulizeni, ila ulizeni pande zote mbili. Matthias Rath, daktari Mjerumani, aliwaambia watu wa Cape Town waachane na ARV huku akiwasambazia vitamini za kampuni yake, mpaka mahakama ilipomzuia mwaka 2008. Na anayewatumia video za kuwashawishi mwache dawa, mwulizeni jambo gani, likitokea, lingemfanya akubali kwamba amekosea. Akisema hakuna, basi hajachunguza chochote.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mama mmoja kijana, mjamzito, aliyenieleza kwa utulivu kabisa kwamba ameacha dawa kwa kuwa kijana wa kikundi chao amemthibitishia kwamba virusi havipo. Bila dawa, mtoto wake anaweza kuambukizwa kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45, na mtoto aliyeambukizwa akikosa tiba, nusu ya walio kama yeye hawafiki miaka miwili. Akitumia dawa inavyopaswa, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Kijana aliyemshauri hatakuwapo usiku mtoto atakapougua.

Kwa hiyo nawaomba mliozisambaza video hizo muwarudie wale mliowatumia, mmoja mmoja, na kuwaambia wasiache dawa. Aliyekwisha kuacha asijianzishie mwenyewe vidonge vilivyobaki kabatini, maana virusi huweza kuwa sugu. Aende CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, aseme ukweli wa tarehe aliyoacha, apimwe wingi wa virusi, apangiwe upya. Siku hizi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na virusi vikishafubazwa hadi kutoonekana kwenye kipimo, mwenye navyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Anayeogopa kwenda peke yake aje kwangu hapa Bukoba, nitamsindikiza.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Bukoba