Barua kwa Mwanangu: Siku Nzima Ndani ya Deraya

Marietta, Georgia

Kwa mwanangu mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi kutoka hapa nyumbani. Baba yako na nduguzo hawajambo. Picha za vazi lako la deraya, lile la kivita la foamu, nimezitazama moja moja. Hongera, mabega yamekaa. Ila vazi umelipima mbele ya kioo, umesimama wima, dakika mbili tatu. Jumamosi pale Dragon Con, kongamano la mashabiki wa hadithi za kubuni kule Atlanta, utalivaa saa kumi na mbili mfululizo: utaketi nalo, utapanda ngazi nalo, utakwenda nalo haja. Hayo kioo hakikuambii, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na bamba la kifua. Naona mshono wa kati umeanza kufunguka. Usiilaumu gundi, laumu haraka. Ile foamu ya EVA ni jamaa ya soli ya ndara, na gundi yake ni ile ya mafundi viatu, basi ifanyie kama wanavyofanya wao: paka nyembamba pande zote mbili, ngoja dakika kumi mpaka kumi na tano, gusa kwa kidole. Ikinata bila kuvuta nyuzi, ndipo ukutanishe. Ukikutanisha ikiwa mbichi, mvuke unafungiwa katikati, gundi haikauki sawasawa, na foamu ikipindwa kidogo tu mshono unaachia. Kupaka gundi mpya juu ya ile ya zamani hakusaidii. Ufungue mshono wote, kwangua, sugua kwa msasa namba 120, paka upya, kisha kwa ndani bandika ukanda wa foamu ya milimita 2, upana wa sentimita 3, uupitishe juu ya mshono wote. Fungua madirisha unapofanya kazi hiyo, na uvae barakoa yenye chujio za mvuke. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, mvuke wa gundi inaupitisha wote.

Rangi nayo imepasuka kiunoni. Hapo foamu inapinda kila ukivuta pumzi, na rangi ya akriliki ikishakauka haipindi vile. Kwanza lipe bamba umbo lake kwa hewa moto, ukipitisha mashine haraka haraka mpaka uso wa foamu ung'ae kidogo; ukisimamisha mkono mahali pamoja itatoka malengelenge. Halafu ziba vinyweleo kwa Plasti Dip, ule mpira wa kupulizia wa kopo, mapako matatu membamba, kila moja likauke kabla ya jingine. Ukiacha hatua hii foamu itainywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Rangi ndiyo ya mwisho. Na pale kiunoni likate bamba vipande viwili vipandane kwa sentimita 4, uviunge kwa lastiki kwa ndani. Kiungo kikiwa ni lastiki, foamu haina haja ya kupinda.

Velkro ya kubandika isikudanganye. Gundi yake inalegea kwa jasho, na ndani ya gari lililoegeshwa juani inalegea hata bila jasho. Ishone kwa uzi wa nailoni kwenye utepe mgumu, kisha utepe huo ndio uubandike kwenye foamu. Gundi ya moto itumie kwa mapambo tu, kamwe si kwa kitu kinachobeba uzito.

Sasa joto. Atlanta mwanzoni mwa Septemba hufika nyuzi 30 na zaidi, na foamu haipitishi hewa hata chembe. Chukua leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, ukate bitana ya kifua na mgongo, uishike kwa vishikizo vya kubonyeza ili ivulike. Kata mbili. Ya asubuhi itakuwa imelowa ifikapo saa nane mchana. Ivue, uweke kavu. Leso mpya yenye wanga haifai, hainyonyi jasho. Toboa pia matundu chini ya makwapa na katikati ya mgongo, joho litayafunika. Ndani ya hoteli mambo ni kinyume, viyoyozi vinapuliza kama jokofu, na mwenye bitana mbichi atatetemeka.

Ile suti ya ndani yenye zipu mgongoni, nakuomba uibadilishe. Hamishia zipu mbele, kuanzia shingoni hadi chini ya kitovu, uifiche kwa kibamba cha kitambaa. Kipimo changu ni hiki: ikiwa huwezi kuvua na kuvaa peke yako kwa dakika tano ndani ya choo chembamba, vazi hilo halijaisha. Wengi hukimbilia kutokunywa maji ili wasiende haja, na hao ndio wanaoanguka barabarani. Wewe kunywa kama nusu lita kila saa ukiwa nje, na ule kitu cha chumvi. Ukisikia kichwa kinagonga, kichefuchefu, au vipele vya baridi vinakutoka kwenye jua kali, vua helmeti na bamba la kifua papo hapo, kaa kivulini, jimwagie maji shingoni na makwapani. Rangi itaharibika, ndiyo. Iache iharibike.

Helmeti iwekee kifeni cha milimita 40 karibu na paji la uso, kinachotoa hewa nje, kiendeshwe na pawabenki ndogo ya kiunoni. Kikipuliza ndani kitakukausha macho, na kioo bado kinaweza kufanya ukungu pumzi yako ikikosa pa kutokea. Hata hivyo huoni miguu yako, basi asiwepo mtu wa kukuambia "nitakuja baadaye". Msindikizaji wako awe kando yako tangu asubuhi, asivae vazi zito, na mfuko awe nao yeye.

Nywele suka twende kilioni siku mbili kabla, mistari myembamba iliyolala. Hakuna msingi wa wigi ulio bora kuliko huo. Kofia ya wavu juu yake, kisha pini mbili mbili zilizopishana kama msalaba, zipite ndani ya msuko wenyewe: kwenye paji, nyuma ya masikio, na kisogoni. Nywele zilizolala bure hazishiki pini. Wigi hilo ni la nyuzi za plastiki, pasi ya nywele itaziyeyusha. Likikunjamana, ning'iniza na ulipulizie mvuke kwa mbali. Na ngozi yako usiipake rangi ifanane na ya mhusika. Vazi ndilo linaloiga. Rangi za uso nyingine zijaribu kwanza ndani ya kiwiko, usiku mmoja mzima.

Mahali penyewe upajue kabla hujafika. Dragon Con ilianza mwaka 1987, na hufanyika wikendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu, ndani ya hoteli za katikati ya jiji. Hyatt Regency, Marriott Marquis na Hilton zimeungwa kwa madaraja yaliyofunikwa, kwa hiyo unaweza kuzunguka bila kutoka juani. Wachuuzi wako jengo la AmericasMart. Gari usilipeleke mjini. Ukitoka kwako Athens, hii ya Georgia, liache kituo cha Doraville, panda treni ya mji, MARTA, moja kwa moja mpaka Peachtree Center. Kituo hicho kiko chini sana ardhini na ngazi zake za umeme ni ndefu ajabu, na hapo ndipo majoho huliwa. Pindo la joho lako liwe sentimita 5 juu ya sakafu ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyokwenda navyo, na kwenye ngazi likusanye mkononi. Mabegani lishikwe kwa vishikizo vya kubonyeza, visivyo vya kufunga. Likinaswa lichomoke, likuache salama.

Lifti za Marriott siku ya Jumamosi zisahau. Utasimama nusu saa huku zinapita zimejaa. Kwa ghorofa mbili tatu tumia ngazi, na hapa ndipo magoti ya deraya yanapojulikana: kama huwezi kupanda ngazi ya nyumbani mara kumi bila bamba la paja kukukata, punguza ukingo wake wa nyuma kwa sentimita 3. Viatu, tia soli ya ndani ya milimita 6, na ndara ziwe mfukoni.

Gwaride hupita mtaa wa Peachtree saa nne asubuhi Jumamosi. Washiriki hujiandikisha mapema, nawe hukujiandikisha, basi utakuwa mtazamaji. Shika upande wenye kivuli, helmeti ukiwa umeipakata. Mkitoka pale watu wote wataingia kwenye chakula kwa pamoja, kwa hiyo kuleni kitu kabla, au ngojeni mpaka saa tisa.

Watu watakusimamisha wakupige picha. Waombe wasogee nawe ukutani, maana ukisimama kwenye daraja la hoteli umeziba njia ya maelfu. Anayetaka kukushika begani au kiunoni, mwambie hapana, huna haja ya kueleza. Nawe vivyo hivyo, omba kwanza. Ukisifiwa vazi, mtaje aliyekushonea hata kipande kimoja. Simwombi mtu sifa, ni haki ya kazi. Mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kubuni za kisayansi huko New York, shabiki mmoja, Forrest J Ackerman, alitokea na vazi la watu wa siku zijazo, na jina lake likavuma. Aliyelibuni na kulishona ni Myrtle R. Douglas, aliyejulikana kama Morojo, na alikuwepo pale pale amevaa la kwake. Neno lenyewe cosplay, yaani kuvaa kama mhusika wa hadithi, lilikuja baadaye sana, miaka ya 1980, kutoka kwa Mjapani Nobuyuki Takahashi.

Upanga wako wa foamu hauna shida, ila ulete kwa walinzi waukague na uwaache waufunge utepe wakitaka. Chuma chenye makali kibaki nyumbani.

Muziki nao una adabu zake, na ziko za namna mbili. Kwenye ukumbi wa bendi, spika zikikaribia desibeli 100, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inakupa dakika 15 tu kwa siku kabla sikio halijaanza kudhurika. Kwenye desibeli 85 ni saa nane. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua nusu. Kwa hiyo vizibo vya masikio uvae kabla ya kuvaa wigi, maana baadaye hutayafikia masikio. Kiviringishe kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kisukume ndani, ukishikilie nusu dakika kijae. Kikichungulia nje hakijafanya kazi. Usisimame mbele ya spika, simama karibu na fundi mitambo. Muziki umepangwa usikike vizuri pale alipo.

Namna ya pili ndiyo nitakayokusukuma uende, hata kama wenzio wanataka bendi. Ni filk, nyimbo za mashabiki wenyewe kuhusu vyombo vya angani na mazimwi, kwa gitaa na sauti tupu. Jina lilizaliwa kwa kosa la taipureta miaka ya 1950, mtu alitaka kuandika "folk", watu wakalipenda kosa. Usiku hukaa duara. Duara likiwa la zamu, ikikufikia unaweza kuimba, kumwomba mwingine aimbe wimbo unaoupenda, au kupisha. Kupisha si aibu. Deraya livue mlangoni, foamu inasuguana na kulia kila ukipumua, na chumba kile ni kimya. Na mwanangu, pale si taarabu: mtu akikukuna kwa wimbo usiinuke kumtunza kwa dola. Mpigie makofi, umwambie baadaye.

Mfuko wa msindikizaji uwe na sindano mbili zilizotiwa uzi tayari, mweusi na wa rangi ya suti, sefti pini kumi, pini za nywele, utepe mpana wa kitambaa, vikaza nyaya vya plastiki, leso ya pili, na supaglu. Supaglu ni ya foamu peke yake. Ikidondoka kwenye pamba, na leso ni pamba, inachemka na inaweza kukuunguza ngozi.

Jaribio fanya Jumapili hii: livae lote saa mbili, keti, kula, nenda haja, panda ngazi, uniandikie kila panapokubana. Suti ilete kwa basi la Jumatatu pamoja na zipu mpya ya sentimita 55, niigeuze mimi, cherehani yako ile itaruka mishono kwenye kitambaa cha kuvutika. Sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 75, ninayo.

Usiku wa Jumamosi angalia ratiba ya treni ya mwisho kabla ya kuingia kwenye duara. Ukishafika Doraville nipigie, hata ikiwa saa saba.

Wasalaam,
Mamako