Mkija Pangani, tazameni mwezi kwanza

Pangani, Tanga
12 Mei

Shoga yangu mpenzi,

Hamjambo huko Dodoma? Shemeji na watoto wazima? Sisi tu wazima, masika ndiyo hayo yanatuaga.

Nimefurahi mno kusikia likizo ya Juni mnashuka Pangani nyote. Umeniuliza mje lini. Kabla ya kukata tiketi, shoga, tazama mwezi. Huku mambo ya bahari hayapangwi kwa Jumamosi na Jumapili. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, tunapata bamvua, na siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo fungu la Maziwe linapotoka juu, mchanga mweupe mtupu katikati ya bahari. Mkija siku za maji mafu, ambapo maji hayapwi sana, mtakuta kipande tu. Na kwa kuwa Juni upepo wa kusi unavuma, asubuhi ndiyo salama yenu. Mchana bahari inachafuka na watoto watatapika njia nzima.

Wazee wanaikumbuka Maziwe ikiwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, bahari ikala mchanga, na sasa maji yakijaa inazama yote. Ni hifadhi tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio. Lipeni na mdai stakabadhi.

Kasa hawajaacha kupanda pale kutaga. Mayai yakibaki yatazama, basi watu wa uhifadhi huyafukua na kuyafukia upya ufukweni Ushongo, ng'ambo ya mto. Baada ya kama miezi miwili yanaanguliwa. Hilo ndilo ninalotaka wanao walione kuliko jingine lolote. Mchanga unatitia kidogo, kinachomoza kichwa cheusi, kisha kingine, halafu wanafumka kwa pamoja, wadogo wa kuenea kiganjani, wanapigana na kila alama ya unyayo kana kwamba ni bonde. Wimbi la kwanza linawarudisha nyuma, wanaanza tena. Msiwabebe kuwafikisha majini, waacheni watembee wenyewe. Na simu zisiwake taa: wao hufuata mwanga wa upeo wa bahari, taa yako inawapeleka nchi kavu.

Jambo jingine linaniumiza, nalo ni wageni wanaotoa viti vya pweza, vile viumbe vya umbo la nyota, majini ili wapige picha. Kile ni kiumbe hai, kinapumua majini, na kikishikwa juu kwa muda kinakufa. Nisaidie kuwaambia watoto kabla hawajafika. Wakizamia kutazama samaki, wasisimame juu ya matumbawe. Yanavunjika upesi na kukua kwake ni kwa miaka. Walete viatu vya mpira, maana kwenye mwamba kuna viumbe wa baharini wenye miba mirefu myeusi, mwiba wake ukiingia hautoki kirahisi.

Jioni tutapanda boti kwenda juu ya mto, minazi upande huu na mikoko upande ule. Ni mto uleule unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Kuoga humo hapana, mamba wapo. Saadani nayo iko kusini yetu, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi, lakini hiyo inataka siku yake na gari lenye nguvu, tena njia ikiwa na tope msijaribu. Mkiwa na siku chache, iacheni.

Shemeji mwambie asikubali chombo kisicho na majaketi okozi ya kutosha watu wote, hata nahodha akisema bahari shwari. Watoto wapimwe yanayowatosha kabla ya kung'oa nanga.

Niandikie tarehe mapema. Nahodha ninayemwamini huchukuliwa upesi siku za bamvua, na watu wa kasa nao lazima niwaulize ni kiota kipi kinakaribia. Kama hazikutani siku zote mbili, nitakuchagulia ya kasa.

Wasalimie wote.

Shoga yako,
Mama Salma