Dilpasand huharibikia kwenye nazi, si kwenye unga

Ndugu Mhariri,

Mapishi ya dilpasand mliyochapa juma lililopita hayana kosa kwenye unga. Kosa liko kwenye nazi. Atakayeyafuata atatoa jikoni mkate uliolowa chini, ukingo umefumuka, trei imeganda sukari iliyoungua, kisha hamira ndiyo itakayolaumiwa.

Kwa wasioijua, dilpasand ni mkate mtamu wa duara unaouzwa na waokaji wa Bengaluru na Hyderabad, nchini India: tabaka mbili za donge, katikati nazi, sukari, iliki na tuti-fruti (vipande vya papai bichi vilivyopikwa kwa sukari). Hukatwa pembetatu.

Mliagiza nazi mbichi ichanganywe na sukari na kujazwa hivyo hivyo. Sukari huvuta maji ya nazi. Baada ya muda mfupi bakuli limejaa shira, na shira haina pa kwenda ila kwenye donge la chini. Chukua gramu 200 za nazi iliyokunwa, weka kijiko kikubwa kimoja cha samli kikaangoni, ukaange kwa moto mdogo dakika tano hadi saba, mpaka mvuke upungue na chembe ziachane bila kugeuka rangi. Iache ipoe kabisa. Ikiwa bado moto itayeyusha siagi ya donge na donge litachanika. Ukikaribia kujaza ndipo utie sukari gramu 100, tuti-fruti gramu 100 na iliki tano zilizotwangwa.

Nazi kavu ya pakiti, inayotufaa sisi tulio mbali na pwani, ina tabia ya kinyume: hunywa unyevu wa donge, na ukikata mkate tabaka la juu huinuka kama kofia. Hiyo usiikaange. Inyunyizie vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya moto na uifunike dakika kumi.

Donge ni nusu kilo ya unga wa ngano, sukari gramu 70, hamira ya chenga gramu 7, chumvi kijiko cha chai, maziwa vuguvugu mililita 260, na siagi gramu 60 mwishoni. Kanda dakika kumi, liumuke hadi lizidi maradufu, ugawe manne. Utapata mikate miwili. Sukuma kila kipande kifikie upana wa sentimita 22. Acha ukingo wa sentimita mbili usio na nazi, upake maji, ufunike, ubane. Chembe moja tu ya nazi ikibaki ukingoni, hapo ndipo patakapofunguka. Choma juu kwa uma ili mvuke utoke, subiri nusu saa, oka kwa nyuzi 180 dakika 25 hivi. Anayeoka kwa sigiri aweke makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, maana sukari iko karibu na kitako.

Halafu lile yai la kupaka juu: liacheni. Maziwa yanatosha kung'arisha. Wahindu wengi hawali mayai, na waokaji wa jamii ya Kihindu ya Iyengar kule Bengaluru wanasifika kwa kuoka bila hayo. Kumwokea mtu kitafunio cha kwao asichoweza kukila ni kazi bure.

Tena mmeshauri watu watafute tuti-fruti ya kutoka nje! Hiyo ni papai bichi tu. Menya papai lenye nyama nyeupe, ngumu, ukiwa umepaka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu. Kata vipande vya nusu sentimita, chemsha mpaka kingo zianze kuangaza, uchuje. Nusu kilo ipikwe kwa nusu kilo ya sukari na kikombe cha maji mpaka shira ivute uzi mmoja kati ya vidole. Tia rangi, ilale usiku mzima, kisha uianike juu ya kitambaa safi. Papai lililoanza kuiva hugeuka jamu.

Wauzaji nao wasiifunge dilpasand kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ikiwa na joto. Nazi mbichi huchacha upesi. Ya leo iuzwe leo, isizidi kesho.

Tunaomba marekebisho ya nazi na yai yachapwe kwenye ukurasa uleule wa mapishi.

Waokaji,
Jinja