Nasaba za Lamu ziandikwe, na mabinti wawemo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi hapa Lamu vijana wengi wanaona nasaba ni mambo ya wazee, ukishamjua baba na babu basi imetosha, na mimi jambo hili linaniuma kweli.

Tazameni Ireland. Kule kuna cheo cha kurithi kinaitwa baroneti, alikianzisha Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611 akitafuta pesa za askari wa kuishika Ulster, jimbo la kaskazini ya Ireland, yaani tajiri alitoa pauni 1,095, mshahara wa askari 30 kwa miaka 3, akaitwa Sir yeye na mwanawe wa kiume na mjukuu mpaka leo. Ireland yenyewe ikaanza kuwa na baroneti zake 1619. Huyo si lodi, lakini cheo chake kinalindwa, na tangu 1910 kuna daftari rasmi Uingereza, mrithi asipoleta vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya kumuunganisha na aliyemtangulia haandikwi, hata kama mji mzima unamjua.

Sasa 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la kumbukumbu pale Four Courts mjini Dublin likalipuka likaungua, sensa, wasia, vitabu vya makanisa, karatasi za karne na karne zikawa majivu. Mpaka leo Mwairishi akitafuta mababu zake anakwama hapo.

Na sisi yametufika, tena mapema zaidi. Waingereza walipoichoma Witu 1890 inasemekana nakala ya asili ya Habari za Pate, kitabu cha tarehe ya masultani wa Pate, iliteketea humo, na tulichobaki nacho kuhusu Manabahani, ukoo wa masultani hao, kwa sehemu kubwa ni kile alichokihifadhi Bwana Kitini, mzee wa ukoo huo, kichwani akawasimulia watu. Mtu mmoja jamani! Angekufa kabla?

Lingine ni mabinti. Constance Markievicz alikuwa mtoto wa kwanza wa baroneti Gore-Booth wa Sligo, na 1918 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bunge la Uingereza, lakini cheo cha babake kilikwenda kwa ndugu yake wa kiume maana sheria yao ndiyo hiyo. Sisi huku nyumba za mawe tumezoea kuwapa mabinti, ajabu ni kwamba ukifungua karatasi ya nasaba unakuta Ali bin Omari bin Ahmed mpaka chini, wenye nyumba hawamo. Ya kwetu iliyo kashani kwa bibi iko hivyo hivyo, na mchwa wameshakula pembe moja na majina mawili.

Kwa hivyo naomba kila mwenye karatasi kama hiyo aipige picha leo, akae na bibi zake aandike na majina ya wanawake, nakala moja ampe ndugu wa Mombasa au Malindi zisikae nyumba moja. Nawe Mhariri ukitenga kila mwezi hata nusu ukurasa wa nasaba za pwani, mimi wa kwanza kuleta.

Msomaji wako,
Mkomani, Lamu