Mdogo wangu, itoe ile bahasha kwenye droo

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Vile vitiki viwili vya buluu naviona. Basi naandika hapa hadharani, huenda atatokea wa kukufikishia. Wifi kaniambia mwalimu wa kitindamimba wako amempendekeza kwa mtihani wa programu ya Jumamosi, na kwamba fomu iko juu ya friji tangu juma lililopita. Juu ya friji. Nilipolisikia hilo, usingizi wangu wa usiku ule ulikwisha palepale.

Kabla hujakunja uso, nisikilize kwanza yanayomhusu mtoto. Yetu sisi wawili yatasubiri.

Programu hizi si za jana. A Better Chance, inayowatafutia watoto kama wetu nafasi katika shule binafsi nzuri, ipo tangu 1963, na kijana mmoja wa South Side ya Chicago aliyepitia mkono wake akaenda shule binafsi ya Milton Academy, kisha Chuo Kikuu cha Harvard, baadaye akawa gavana wa Massachusetts: Deval Patrick. Hapa New York, Prep for Prep ilianzishwa 1978 na Gary Simons, mwalimu wa shule ya umma Bronx, akianza na watoto 25. Wazo lake ni rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: mtoto mweusi au Mlatino mwenye kichwa chepesi na wazazi wa kipato kidogo usimtupe tu katika shule binafsi ukasema Mungu amsaidie. Mwandae kwanza, miezi 14: kiangazi kizima baada ya darasa la tano, mwaka mzima wa darasa la sita jioni za katikati ya wiki na Jumamosi, kisha kiangazi cha pili. Ndipo anaingia shule mpya darasa la saba.

Hesabu mwenyewe: viangazi viwili mfululizo. Tiketi ya Julai ya kwenda kumwona Bibi isikatwe, na Mama aambiwe mapema asije akadhani mmemtupa. Harusi za Jumamosi nazo mtoto hatahudhuria. Najua kwetu huo ni ukosefu wa adabu, lakini Jumamosi moja pale ni somo la kila mwalimu kwa mkupuo, na Jumatatu hakuna anayerudia. Wengi wanaoacha hawaachi kwa kushindwa masomo. Wanachoka mwezi wa Novemba, wakati mtoto anabeba kazi za shule mbili na nyumbani hakuna aliyempunguzia hata kuosha vyombo. Mpunguzie. Kona moja ya meza iwe yake kuanzia saa kumi na moja jioni, televisheni izimwe, na wageni wakae chumbani kwenu.

Ana A zote, najua, Wifi kanitumia picha ya ripoti. Furahi, ila usiziamini sana. Mpe swali hili usiku huu, bila kumsaidia: theluthi mbili za darasa ni wasichana; robo ya wasichana wanavaa miwani; wasichana wenye miwani ni 5; darasa lina wanafunzi wangapi? Mtoto aliyefundishwa kanuni peke yake atashika ile 5 na kuanza kuizidisha kwa chochote kilicho karibu. Aliyefundishwa kufikiri atachora mstatili, ataugawa mara tatu, atachukua vipande viwili, atavigawa kila kimoja mara nne, na ataona kwamba robo ya theluthi mbili ni sehemu moja ya sita. Sita mara tano, 30. Asipopata, usimgombeze. Sehemu na uwiano ndipo watoto wetu wengi huvuja, kwa sababu darasani walipita hapo kwa wiki mbili na mtihani wa shule ukawauliza kanuni tu. Dakika 20 kila siku za maswali ya maneno, na kila jibu alieleze kwa mdomo. Kitabu kinene cha mazoezi cha dola 40 hakihitajiki. Maktaba ya mtaa wako inavyo.

Kuhusu lugha, nakuomba sana: usiache kumsemesha Kiswahili eti Kiingereza chake kiwe kizuri. Mtoto anayejua kwamba kiti kinavunjika lakini mti unavunjika, tayari anajua sentensi ina mifupa na mifupa inashikana. Kinachompungukia ni maneno ya vitabuni, yale ambayo basi la shule na uwanja wa mpira havimpi. Hayo hayapatikani kwa kukariri orodha ya maneno elfu mwezi wa Oktoba. Yanapatikana kwa kusoma kitabu kizima, kurasa 30 kwa siku, na kuandika maneno mapya sita kila moja ndani ya sentensi yake. Kwenye ISEE, mtihani wa kuombea nafasi shule binafsi, sehemu ya msamiati inampa maswali 40 kwa dakika 20. Nusu dakika kwa neno. Hapo hakuna muda wa kukumbuka, neno ama unalijua kama jina la jirani au hulijui. Na asiache swali wazi hata moja, maana ISEE haikati alama kwa jibu lililokosewa. Ada ya mtihani inasamehewa kwa familia ya kipato chako, na shule nyingi zinasamehe ada ya maombi pia, ila sharti uombe. Barua za walimu ziombwe mwezi mzima kabla, na umpe kila mwalimu karatasi yenye mambo matatu aliyoyafanya mtoto darasani kwake, la sivyo mwalimu mwenye wanafunzi 150 ataandika mistari miwili kwamba ni mtoto mtulivu.

Mtulivu. Neno hilo kwetu ni sifa, kule linamwangusha mtoto.

Usaili wa shule hizi ni mtu mzima mgeni anamuuliza mtoto wa miaka 11 anapenda nini na kwa nini. Mtoto wetu anatazama sakafu, anajibu ndiyo na hapana, anasubiri mkubwa amalize. Tumemlea vizuri, na msaili anaandika kwamba hana hamu. Hata akipita, huko ndani anakutana na madarasa ya mazungumzo. Exeter, shule ya bweni, wanakaa wanafunzi kama 12 kuzunguka meza ya umbo la yai, mtindo uliotokana na fedha alizotoa Edward Harkness mwaka 1930, na shule nyingi zimeuiga. Anayenyamaza pale hahesabiwi kuwa na heshima, anahesabiwa hakusoma. Basi mfundishe adabu mbili. Kwa Bibi, adabu ya kwa Bibi. Mbele ya mwalimu wa huko, adabu ni kumtazama machoni na kusema. Anza mezani kwenu: muulize kuhusu habari ya siku hiyo, na akitofautiana na wewe mwache amalize, asikie hoja yake ikijibiwa kwa hoja. Najua damu itakuchemka. Vumilia. Na akiitwa kwenye usaili, usimjibie. Kwa dada yake ulijibu wewe mara tatu, Wifi aliniambia, mpaka msaili akakuomba usubiri nje.

Mfundishe na sentensi hii, aiseme mpaka ikae mdomoni: "Mwalimu, nimefika hatua ya tatu nikakwama, naomba tuitazame pamoja." Watoto wenzake waliotoka kwenye pesa wanaisema tangu darasa la kwanza. Wetu wanangoja mpaka wapate D, maana kuomba msaada wanaona ni kujiaibisha.

Nadhani wanajifunza kwetu hilo. Kwako, mdogo wangu.

Siwezi kuusahau usiku wa Machi 10, na sitajifanya nimeusahau. Shule nyingi za bweni hutoa majibu siku hiyo. Binti yako alikaa na kompyuta mapajani, Wifi amesimama na mwiko mkononi, mimi karibu na dirisha. Amekubaliwa. Tukapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kisha akasoma aya ya pili, kimya, akairudia. Nafasi ipo, msaada wa ada haupo. Fomu ya fedha haikukamilika kwa wakati, mfuko wa mwaka umeshagawanywa, jina lake limewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Aliifunga kompyuta taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa, akamuuliza mama yake kama wali umeiva. Miaka 13. Nikaenda kuchukua vijiko. Bahasha ya kaki ilikuwa ndani ya droo, chini ya vijiko, na karatasi zako zote za kodi ndani yake, hata klipu hujaitoa. Miezi mitatu ilikaa umbali wa hatua nne kutoka kwenye meza ile.

Ulisema huwezi kumvulia mzungu mfuko wako ahesabu senti zako. Nimelifikiria neno hilo kila siku. Lakini mdogo wangu, ada ya shule hizi inazidi dola 60,000 kwa mwaka. Hakuna dereva wa teksi aliyeilipa, na hakuna anayetarajia uilipe. Fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya mtoto wa mtu kama wewe, na ufunguo wake ni karatasi zile tu. Shule za bweni za Andover tangu 2007 na Exeter tangu 2021 hawatazami uwezo wa familia wanapochagua mwanafunzi. Shule nyingine nyingi hutazama, sikufichi, na ndiyo maana fomu iliyochelewa huko ni kama haikuja kabisa. Wala usidhani utamwingiza kwanza bila kuomba halafu uombe baadaye: shule nyingi hazimfungulii mlango wa msaada mtu wa hivyo.

Basi shika haya kwa fomu ya msaada wa ada. Fomu ya kodi ya 1040 kurasa zote, pamoja na zile zilizo tupu. W-2 ya mshahara wa Wifi. 1099, zile karatasi za mapato yako ya teksi, na ule ukurasa wa biashara, Schedule C. Uchakavu wa gari unaoukata kwenye kodi, ofisi nyingi za shule huurudisha kwenye kipato, usishangae ukiona tarakimu imepanda. Kama kodi ya mwaka huu haijakamilika, weka makisio, tuma kwa wakati, kamili itafuata. Pesa unazomtumia Mama kila mwezi hazijihesabu zenyewe. Ziandike kwenye sehemu ya maelezo, weka risiti za miezi 12, na useme wazi dawa zake zinagharimu kiasi gani. Usikiache kisanduku wazi, pasipo na kitu andika sifuri. Siku za mwisho hutofautiana kati ya shule na shule, nyingi ziko Desemba na Januari. Ziandike zote kwenye kalenda ya ukutani, wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe. Na fomu hii ya msaada inarudiwa kila mwaka mpaka amalize. Wakikupa jibu, uliza: msaada huu unafika kwenye vitabu, kompyuta, safari za darasa, nauli ya likizo? Wengi hulipiwa ada, halafu mtoto anabaki peke yake bwenini wenzake wakienda safari.

Ulisema siku ya harusi ya mpwa wetu nilikuvua nguo mbele ya wakwe. Nilisema, sikatai, na maneno yalikuwa makali kuliko pilipili ya siku ile. Lakini nilikuwa nimekwambia pembeni Novemba. Nikakwambia sikukuu ya Shukrani, jikoni, tukiwa wawili. Nikakwambia usiku wa kuamkia mwaka mpya, ukaniambia bahasha imeshatumwa. Nani mwingine angesema? Baba hayupo. Ningenyamaza, leo ungesema dada aliona na akanyamaza. Nilimsemea mtoto, na kama angekuwa wangu ningesema vilevile. Sauti ndiyo ningeipunguza. Mbele ya wakwe, ndiyo, sauti ningeipunguza.

Na binti yako hajapotea, Wallahi. Yuko darasa la kumi na moja na alama zake zinamtosha. Septemba ijayo kuna QuestBridge, programu ya wanafunzi wa kipato kidogo: wanaofuzu wanaoanishwa na vyuo vinavyowalipia kila kitu, jibu linatoka Desemba 1. Kuna FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa ada ya chuo, na kuna CSS Profile, fomu kama hiyo ya vyuo vingi binafsi, ambayo kwa kipato chenu ni bure. Yale yanayozunguka kwenye kundi la familia, kwamba hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 29, 2023 imefunga milango, yamechanganywa. Hukumu ile imekataza vyuo kuihesabu rangi yenyewe wakati wa kuchagua. Msaada wa kipato haikuugusa, na mtoto bado anaruhusiwa kuandika kwenye insha yake maisha yamemfanyia nini na yeye amefanya nini. Ana cha kuandika huyo. Ila Profile itauliza karatasi zilezile, zile za kwenye bahasha.

Sijui kama amekusamehe. Hajawahi kuniambia neno baya juu yako, hata moja, na nimemuuliza.

Jumapili baada ya adhuhuri nakuja, upokee simu usipokee. Fomu ya kitindamimba naijaza mimi, wewe utatia sahihi tu, kisha tutapitia ya dada yake, akiwepo mwenyewe mezani. Tia karatasi za mwaka huu pamoja na zile za zamani. Wifi aniambie kama nazi zimekwisha, nitapita dukani.